Savea na Magurudumu ya Pikapu

Savea alisimamisha mazishi mara mbili, na mara zote mbili nilikuwapo. Ile ya kwanza, jeneza lilikuwa limeshafika kando ya kaburi, akina mama wanaimba, mchungaji amefungua kitabu chake, ndipo mzee akajipenyeza kutoka nyuma ya umati na kuinua mkono. Alisema kaburi halikuwa sambamba na mpaka wa shamba. Lilikuwa limepinda inchi tisa upande wa miguu. Mjane akazidisha kilio. Shemeji mmoja wa marehemu akauliza kwa hasira kama maiti atapotea njia kwa sababu ya inchi tisa.

"Yeye hatapotea," Savea akamjibu bila kupandisha sauti. "Ni nyinyi mtapotea siku ya kugawa shamba."

Akatoa tepu mfukoni. Kaburi likachimbwa upya upande mmoja, jua likiwa utosini, nasi tukasubiri kwa njaa na kwa hasira. Mara ya pili sitaisimulia kwa sababu alikuwa na haki zaidi, na sina nia ya kumsifu mapema hivi.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa mpima ardhi wa serikali kwa miaka mingi, na kwetu Machakos mpima ardhi ni savea, basi. Mimi nilikuwa jirani yake, mwalimu wa hesabu na Kiswahili katika shule ya kutwa, na kwa kosa hilo la kujua hesabu aliniteua kuwa mkaguzi wa vipimo vyake. Hakuniuliza kama nataka. Alikuwa akinipigia mluzi juu ya ua, nami naacha chai yangu na kwenda kuthibitisha kwamba kibanda cha kuku kilikuwa na pembe mraba.

Alipima kila kitu. Kamba ya kuanikia nguo aliifunga kwa pimamaji, na mkewe, ambaye mtaa mzima tulimwita Mwaitu, yaani mama, akamwambia mbele yangu, "Wewe Savea, nguo haijui kama kamba iko sawa. Nguo inataka jua tu." Kitanda chao kilitazama kaskazini halisi, si kaskazini ya dira, na alikuwa tayari kukueleza tofauti kama ungekubali kukaa. Mahubiri aliyapima kwa saa ya mkononi. Mchungaji akimaliza, Savea alikuwa akimsubiri mlangoni kumjulisha, kwa heshima zote, kwamba ya leo yamezidi dakika kumi na moja. Mchungaji huyo aliomba uhamisho baadaye, ingawa alisema ni kwa sababu ya mbu.

Msemo wake mkubwa ulikuwa, "Mdomo hauna inchi." Aliutumia kwa kila jambo lisiloingia kwenye tepu. Ukimwambia mvua itakuwa nyingi mwaka huu, mdomo hauna inchi. Ukimwambia jirani fulani anampenda sana mkewe, mdomo hauna inchi. Siku moja niliugua, nikalazwa, nikarudi nimekonda. Akanitazama kutoka juu ya ua na kusema nimepungua kiunoni kama inchi mbili na nusu. Hiyo ilikuwa pole yake, na kwa namna aliyoisema niliipokea.

Sasa niseme haki yake, kwa sababu nisipoisema watu wa huko nyumbani watanijia juu. Katika kazi yake, Savea hakuwahi kupindishwa. Watu walimletea mbuzi, wakamletea asali, mtu mmoja tajiri wa upande wa Masinga alimletea fahali mzima ili bikoni moja, lile jiwe la mpaka, lisogee hatua chache tu kuelekea kwa jirani asiye na mtu. Fahali alirudishwa siku hiyohiyo kwa mguu. Hata ndugu yake wa tumbo moja alipopimiwa shamba, mstari ulipita upande usiomfaa, kisima kikaangukia kwa jirani. Ndugu huyo aliacha kumsalimia kwa miaka. Savea alikuwa akikutana naye sokoni, akavua kofia, akapuuzwa, akaivaa tena, na wiki inayofuata akaivua tena. "Bikoni haisongei," alikuwa akisema, na hapo hapakuwa na mzaha.

Ubaya ni kwamba tabia hiyo aliihamisha kutoka shambani hadi sebuleni. Akishasema jambo, ameshapanda bikoni, na hapakuwa na korti ya kumng'oa. Alisema mara moja kwamba chai ya maziwa ya mbuzi inaharibu macho, na ingawa alikuja kuipenda, alikunywa ya rangi mpaka uzee wake huku akiitazama yetu kwa hamu. Katika miaka yote niliyoishi karibu naye, sikumsikia akisema amekosea. Nilimsikia akisema tepu imepata joto. Nilimsikia akisema ardhi imehama.

Alikuwa na gari. Nimelichelewesha kwa makusudi, kwa sababu likishaingia halitoki. Lilikuwa saluni ya Kifaransa ya miaka ya sitini, rangi ya krimu, ndefu mbele, yenye viti vilivyobonyea vizuri mahali pa kubonyea. Alilinunua kutoka kwa ofisa aliyekuwa akirudi kwao, na akalitunza kwa namna iliyotufanya sisi wengine tuone haya kwa jinsi tulivyotunza watoto wetu. Lilikaa karibu na ardhi, na hilo ndilo lililompendeza Mwaitu. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Alikuwa akifungua mlango, anakaa kitini kwanza kama mtu anayekaa kwenye kigoda cha jikoni, halafu anaingiza miguu mmoja baada ya mwingine, anapanga leso, anaweka mkoba magotini. Kila Jumapili saa tatu na nusu walitoka hivyo, wawili, madirisha wazi, kwenda kanisani. Watu walirekebisha saa zao kwa gari hilo. Mwaitu hakuwa mtu wa kujionyesha, lakini njia hiyo ya kwenda kanisani alikuwa akiipita na kidevu juu kidogo, na nadhani ilikuwa haki yake ya wiki.

Kilichoharibu haya yote kilikuwa mto usio na maji, kule karibu na Kithyoko, katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa tunapeleka ntheo ya mpwa wake, wale mbuzi wa kwanza wa posa ambao wasipofika, binti hahesabiki kuwa ameolewa hata akizaa kumi. Mbuzi mmoja alikuwa kwenye buti ya Savea, amefungwa miguu, analalamika. Wawili walikuwa kwenye gari kubwa la mtu tuliyemwita Kontrakta. Huyu Kontrakta alikuwa kwa miaka mingi mshika mnyororo wa Savea kazini, yule anayetangulia vichakani akivuta mnyororo wa kupimia na kubeba vyombo kichwani. Halafu akaacha kazi, akapata tenda za barabara, akanunua gari lenye magurudumu yanayonifika kiunoni.

Kontrakta alivuka mchanga wa mto bila hata kupunguza mwendo. Savea akafuata, na katikati saluni ikakaa kwa tumbo, magurudumu yakachimba, basi. Upande wa pili wakwe walikuwa wamesimama kwenye ukingo, wamevaa vizuri, wamekuja kutupokea. Walituona tukishuka na viatu mkononi. Mbuzi wa buti naye aliamua kupiga kelele zake zote wakati huo. Kontrakta akarudi nyuma, akashuka na kamba, na akasema maneno ambayo sidhani aliyapanga, lakini yalikuwa ndiyo maneno ambayo Savea alikuwa akimwambia yeye vichakani kwa miaka yote ile.

"Mzee, wewe shika hapo tu. Kazi nitafanya mimi."

Alivutwa mpaka mbele ya miguu ya baba wa binti. Ntheo ikapokewa vizuri, nyama ikaliwa, lakini Savea hakutia kitu mdomoni isipokuwa maji. Njiani tukirudi alisema mara moja tu, "Inchi mbili. Ningekuwa juu inchi mbili, ningepita." Mwaitu, aliyekuwa ameketi mbele na goti lake limenyooshwa, akasema wangeweza pia kupita kwenye daraja.

Wiki hiyo akaanza kutafuta magurudumu. Pale mjini palikuwa na mfanyabiashara wa mifugo, Msomali mmoja mcheshi, mtu wa swala tano, ambaye pikapu yake ya kubebea mbuzi na ndama ilikuwa imekufa injini. Magurudumu yake manne yalikuwa mazima, makubwa, yenye meno ya kutafuna tope. Savea akanichukua kama shahidi. Mfanyabiashara akatazama magurudumu, akatazama ile saluni ya krimu iliyoegeshwa kivulini, akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Mzee wangu, wallahi, hii ni miguu ya pikapu," akasema. "Mimi nabeba ng'ombe. Wewe unabeba mama, unampeleka kanisa."

"Niuzie," Savea akasema. "Hesabu ni yangu."

Hesabu kweli aliifanya. Jumamosi nzima alilala chali chini ya gari na tepu ya chuma, akipiga kelele za namba, nami nikiziandika kwenye kitabu chake cha kazi. Tulipima kimo cha gurudumu la zamani na la jipya, tukapima nafasi iliyopo chini ya madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, juu, mbele na nyuma. Akachora picha kwa skeli, kwa penseli kali, na mstari wa kaskazini pembeni. Nafasi ilibaki robo tatu ya inchi kila upande. Nilikagua hesabu mara mbili. Zilikuwa sahihi zote. Nikatia sahihi, na nilitia sahihi hiyo kwa majivuno.

Tulipima gari likiwa limesimama. Gurudumu lilikuwa limenyooka, buti tupu, hakuna mtu ndani. Savea alikuwa amepima vitu visivyotembea maisha yake yote, na siku hiyo alipima gari kama anavyopima ploti. Nami mwalimu mzima, mwenye cheti ukutani, nilisimama hapo nikashika ncha ya tepu, na haikunijia kwamba magurudumu ya mbele hugeuka.

Fundi wa jua kali aliyatengenezea vipande vya kuunganisha, kwa sababu matundu ya nati hayakulingana, akayafunga. Savea akaingia, akawasha, akaenda mbele hadi getini vizuri kabisa, kama bwana harusi. Getini kwao lazima ukate kulia kuingia barabarani. Akakata. Nilisikia mlio ambao sijausikia tena, raba ikisaga bati, na moshi mweusi ukatoka pande zote mbili za boneti. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Ukatoka mwingine.

"Ni mpya bado," akasema kupitia dirishani. "Yatajizoesha."

Kwenda mbele, gari lilienda. Kukata kona ndiko lilikokataa. Kwa miezi kama miwili Savea aliishi Machakos kwa mistari mirefu. Kutaka kugeuza, ilibidi aje hadi uwanja wa shule yetu, ambako alizunguka magoli yote mawili kwa upole huku wanafunzi wakishangilia kutoka madirishani na mimi nikijifanya naandika ubaoni. Ndipo akamrudia fundi na amri mpya. Madigadi zikatwe, na springi ziwekewe vipande vya chuma ili gari lipande zaidi, magurudumu yapate nafasi ya kugeuka.

Fundi yule alikuwa kijana mpole, na alijaribu. "Mzee, mimi naona turudishe tu zile za kwanza," akasema, akifuta mikono kwa kitambaa. "Hii gari haikuzaliwa na hii miguu."

"Mdomo hauna inchi," akaambiwa.

Gari likapanda inchi nne nyingine, juu ya zile mbili. Lilisimama pale kwa miguu mirefu na kiwiliwili kilekile cha heshima, na mtaa ukaliita Mbuni kabla halijatoka gereji. Usukani ukawa mzito mpaka Savea akaota misuli ya mikono aliyokosa akiwa kijana. Gia zikakosa nguvu, kupanda kuelekea milima ya Mua kukawa kazi ya gia ya kwanza toka chini hadi juu, na punda wakimpita. Lakini aligundua kitu kilichompa furaha kubwa. Mita yake ya kilomita ilisema kwamba kutoka Machakos hadi Masinga ni karibu kuliko mawe ya barabarani yanavyosema. Nilimweleza kwa lugha ya darasani kwamba gurudumu kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, na mita haijui, inahesabu mizunguko ile ile ya zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika barua kwa ofisi ya barabara, kurasa nne na mchoro, kuwajulisha kwamba mawe yao ya kilomita yamepandwa vibaya. Hawakumjibu, na alichukua kimya chao kuwa ni aibu.

Haya yote tuliyacheka. Ningependa kusimama hapa, tukiwa bado tunacheka.

Jumapili ya kwanza ya Mbuni, Mwaitu alitoka na mkoba wake, akafungua mlango, na kiti kikawa juu ya magoti yake. Alijaribu kwa mguu mzima, goti bovu likakataa kumsukuma. Alijaribu kwa goti bovu, likakataa kumwinua. Savea akakimbia jikoni, akaleta kigoda. Kwa kigoda akapanda, akakaa, wakaenda. Ila kanisani, ibada ya kwanza ilikuwa inatoka na ya pili inangoja kuingia, watu wote uwanjani. Savea akaweka kigoda kwenye changarawe. Mwaitu akakikanyaga, kigoda kikaegemea, na mama yule mzito, wa heshima zake, akaanguka kwa mikono na magoti mbele ya kanisa zima. Leso ikamtoka kichwani. Wapo waliokimbia kumwinua, na wapo waliocheka kabla hawajajizuia. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka, na bado naona haya.

Aliinuka, akafuta viganja, akaingia kanisani, akaimba. Kurudi alirudi kwa miguu. Jioni alinikuta kwenye ua na kuniambia, taratibu kabisa, "Mwalimu, mwambie rafiki yako. Hiyo gari ikirudi chini, nitapanda. Si kabla."

Nilimwambia. Magurudumu ya zamani alikuwa nayo stoo, yamefunikwa turubai, yamepakwa grisi. Kazi ya nusu siku. "Savea hasongezi bikoni," akanijibu. Nikamwambia hili ni gari, mzee, si shamba, na huyu ni mke, si jirani wa mpaka. Hakunisemesha kwa wiki mbili, na kuku wake wakaingia bustanini kwangu bila kuitwa.

Kuanzia hapo mji ukapata kitu kipya cha kutazama kila Jumapili. Mwaitu alitoka saa mbili na nusu kwa miguu, na fimbo. Savea alitoka nyuma yake akiwa ndani ya gari, akamfikia, akapunguza mwendo mpaka wa mtu anayetembea, na wakaenda hivyo sambamba hadi kanisani, yeye juu, mkewe chini, wakizungumza kupitia dirishani. Na walizungumza vizuri tu. Bei ya mahindi, kikohozi cha mjukuu, nani kaoa. Injini ikichemka kwa ule mwendo wa jongoo, Mwaitu alisimama na kumngoja. Mtu asiyewajua angedhani wanapendana sana, na asingekosea, kwa sababu mtu huyohuyo alikuwa akichemsha maji ya chumvi kila jioni na kumkanda mkewe lile goti kwa mikono yake, nusu saa kwa saa ya mkononi. Nilimwona mara nyingi kupitia mlango wa jikoni, amepiga magoti sakafuni. Alikuwa anaweza kufanya lolote kwa ajili ya lile goti, isipokuwa kushusha gari. Hicho ndicho kilichonikasirisha kwake kuliko makaburi na kuku. Angekuwa mtu mbaya ningemwacha.

Nikahamishiwa shule moja upande wa Kinanie, karibu na Athi River, ambako watu ni wa kutoka kila mahali na hakuna anayejali kama ua wako umenyooka. Nilikaa huko zaidi ya miaka kumi. Habari za nyumbani zilinifikia vipande vipande. Fimbo ilikuwa imezidiwa na goti. Pikipiki za boda boda zilikuwa zimeingia mjini, na Mwaitu alikuwa amepata mwendeshaji wake, kijana mstaarabu mwenye koti la ngozi, aliyelaza pikipiki upande mpaka mama akae bila kuinua mguu. Alikaa upande upande, mkoba magotini. Savea sasa alifuata nyuma ya pikipiki.

Nilirudi Jumapili moja asubuhi, mwishoni mwa muongo uliofuata, na nikamkuta uani. Alikuwa amezeeka sana. Shingo ilikuwa imepungua ndani ya kola, mikono ilikuwa na mitetemo midogo, lakini tepu ilikuwa mshipini. Hakunisalimia. Alinishika kiwiko na kunivuta nyuma ya nyumba.

Alikuwa amechimba ardhi. Mitaro miwili sambamba, iliyopigwa simiti, upana wake sawa na tairi, ikishuka polepole kutoka upande wa geti hadi mbele ya mlango wa jikoni, na tundu la kutolea maji ya mvua mwishoni. Mbuni alikuwa ameegeshwa humo, magurudumu yamezama, na mlango wa kushoto ulikuwa umekaa mahali ulipokaa zamani, usawa wa kigoda cha jikoni.

"Inchi sita kamili," akasema. "Pima."

"Mzee, umechimba mwenyewe?"

"Miezi mitatu. Alisema gari ikirudi chini atapanda. Imerudi chini."

Nilitaka kucheka na nikashindwa, maana niliona viganja vyake. Pikipiki ikapiga honi getini. Mwaitu akatoka jikoni amevaa tayari, fimbo mkono mmoja, mkoba mkono mwingine. Aliniona, akafurahi, akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Halafu akaigeukia ile mitaro. Ni wazi alikuwa ameitazama ikichimbwa kwa miezi mitatu bila kusema neno, na alikuwa ameliweka swali lake mpaka simiti ikauke.

"Mzee," akasema, "hapa nitapanda. Na kanisani nitashukaje?"

Savea alisogea ukingoni. Akatazama mitaro, akatazama barabara ya kanisani, akatazama mitaro tena. Niliona ikimwingia. Alikuwa amelipima gari tena likiwa limesimama. Mkono wake ukashika tepu, ukaiachia.

"Sikufikiria kushuka," akasema. "Nimekosea."

Sikuamini masikio yangu. Lakini Mwaitu hakutikisika.

"Umekosea lini?"

"Hii. Hii mitaro."

"Lini, mzee?"

Mzee alivua kofia. Pikipiki ilipiga honi mara ya pili na hakuna aliyegeuka. "Tangu ile siku nilinunua magurudumu," akasema, kwa sauti ya chini, kisha akarudia ili isikike. "Tangu hiyo siku, Mwaitu."

Mwaitu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea kifurushi alichokuwa akikingoja posta. Akanipa fimbo niishike. Akafungua mlango, akakaa kitini kwanza, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akapanga leso.

"Twende," akasema.

"Na kushuka?"

"Utanibeba."

Mimi nilipanda pikipiki iliyokosa abiria, nikawafuata. Uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa, ibada ya kwanza inatoka, ya pili inangoja. Savea akazima injini, akazunguka mbele ya boneti, akafungua mlango wa kushoto na kusimama pale, mtu mwembamba wa karibu miaka sabini mbele ya mwanamke mara moja na nusu yake. Akaweka mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, akavuta pumzi, akamwinua. Alipepesuka. Kofia ikaanguka. Wazee wawili wa kanisa wakakimbilia kumsaidia.

"Mwacheni," Mwaitu akawaambia. "Yeye ndiye alipima."

Alitembea naye kuelekea mlangoni, hatua ndogo ndogo, mishipa ya shingo imesimama, macho chini kwenye changarawe. Watu walicheka waziwazi. Wengine wakapiga makofi, na mimi nilicheka kuliko wote mpaka machozi yakanitoka. Mwaitu hakuwa na haraka yoyote. Alikuwa ameuzungusha mkono mmoja shingoni mwa mumewe, na kwa ule mwingine alikuwa akiwapa watu mkono kulia na kushoto, akiwauliza habari za nyumbani.